Ninga kifuani, hesabu mezani

Makundi ya mtandaoni ya watu wanaopenda jambo moja hufika siku ambayo mwanachama mmoja anauliza: na sisi mbona hatuna beji? Wenye baiskeli za zamani wameshauliza, wakusanya stempu wameshauliza, na siku hizi swali limewafikia watazama ndege. Kwenye makundi yao ya WhatsApp, asubuhi huingia picha ya mdiria aliyetua kwenye mikoko, mchana sauti ya ndege asiyejulikana iliyorekodiwa milima ya Usambara, jioni mabishano makali kuhusu nani chozi dume na nani jike. Wengi wao hawajapata kuonana. Wapo Dar es Salaam, Arusha na Chake Chake, na wengine wako Muscat, wajukuu wa watu waliotoka Pemba.

Mahitaji yao ni madogo lakini hayaishi: darubini za kuwaazima wanaoanza, nauli ya kuwapeleka wanafunzi msituni, chai ya mtembeza wageni anayewapokea. Beji inayopendekezwa ni ile ndogo ya chuma, ya upana wa sentimita tatu hivi, yenye rangi iliyotiwa katika vishimo vilivyozungushiwa kuta nyembamba za chuma, na sindano nyuma. Je, itengenezwe ili kulipia mahitaji hayo?

Sauti nne zinazofuata nimezitunga mwenyewe ili hoja zikutane uso kwa uso. Mchoraji ni binti anayechora kwa kompyuta. Mhazini ni mama aliyestaafu kazi ya benki. Mfanyabiashara ana duka Kariakoo na huagiza mizigo Guangzhou. Mwalimu ni mzee wa Pemba, mkongwe kuliko wote katika kutazama ndege.

Beji au mchango?

MCHORAJI: Shikamooni wazee wangu. Mimi nasema tutengeneze, tena mwaka huu. Fulana zimetushinda. Kila anayeagiza ana saizi yake na rangi yake, na mwisho zinabaki saizi za watoto ndani ya boksi nyumbani kwa mtu. Beji haina saizi. Mnene na mwembamba, mjukuu na babu, wote wanavaa ile ile. Inaingia kwenye bahasha, inakwenda Mwanza kwa basi, inafika Muscat mfukoni mwa msafiri.

MHAZINI: Marahaba, mwanangu. Sifa za beji nimezisikia, sasa tuje kwenye daftari. Kwa nini tusiombe mchango moja kwa moja? Sisi tumechangiana harusi, misiba na ada za watoto bila kupeana kipande cha chuma. Nikitangaza leo kila mtu atoe elfu kumi ya darubini, kesho zimeingia. Hapo hakuna kiwanda wala ushuru, na hakuna mzigo wa kukwama bandarini.

MFANYABIASHARA: Zitaingia kutoka kwa nani, Mama? Kwa wale wale wachache wanaochangia kila mara, ambao ukiandika neno «mchango» wanajua wanaambiwa wao. Wengine watasoma, watanyamaza, na baadhi watajitoa kundini usiku. Beji inafungua mlango kwa mtu wa nje: jirani, mwenye hoteli, mtalii anayekuja Pemba kuzamia. Huyo humwombi mchango wa darubini asizozijua. Unamuuzia kitu kizuri, anarudi nacho kwao.

MWALIMU: Hapo ana haki, na si jambo jipya kwa watu wa ndege. Uingereza kuna chama kikubwa cha kulinda ndege, RSPB, kilichoanza 1889. Kilianzishwa na wanawake waliochukizwa na kofia za mtindo wa wakati ule, maana zilipambwa kwa manyoya ya ndege waliouawa kwa maelfu. Leo chama hicho hicho huweka visanduku vya beji kwenye kaunta za maduka na vituo vyake. Ndani kuna beji ndogo za ndege mbalimbali, mtu anachagua, anatumbukiza mchango wake, anaondoka na ndege kifuani. Walioanza kwa kukataza kuvaa ndege aliyekufa sasa wanamvisha mtu ndege ili yule hai aendelee kuruka.

MHAZINI: Hadithi nzuri, Mwalimu. Ila chama hicho kina ofisi, wahasibu na jina linalojulikana nchi nzima. Sisi tuna simu.

MWALIMU: Ndiyo maana nimesema si jambo jipya. Sijasema ni jambo rahisi.

Kilichomo ndani ya beji

Kabla ya kubishana kuhusu bei, ni vizuri mnunuzi ajue ananunua nini, kwa kuwa katika biashara hii majina ni mazuri kuliko bidhaa. Beji hizi huitwa za enameli. Enameli ya asili ni unga wa kioo unaoyeyushwa juu ya chuma kwa moto wa nyuzi mia kadhaa za Selsiasi. Wachina waliufikisha ufundi huo mbali wakati wa utawala wa Jingtai, kati ya 1450 na 1457, hata wao wenyewe huziita kazi hizo kwa jina la utawala huo. Bibi zetu waliijua kwa njia nyingine: vikombe na mabakuli ya bati yaliyopakwa rangi nyeupe na ukingo wa buluu ni enameli hiyo hiyo.

MFANYABIASHARA: Beji za siku hizi nyingi hazina kioo. Ukisikia «enameli ngumu», mara nyingi ni rangi ya plastiki ngumu inayojazwa hadi juu, inaokwa, kisha inasuguliwa mpaka rangi na kuta za chuma vinakuwa sawasawa. Ukipitisha kidole hukwami popote. «Enameli laini» ni rangi iliyowekwa chini kidogo ya kuta, kwa hiyo kidole kinahisi mabonde na matuta. Laini ni nafuu, ngumu inadumu zaidi na inapendeza dukani. Zote mbili hutoka sana katika viwanda vya Guangdong, hasa miji ya Zhongshan na Dongguan, na hapo ni karibu na Guangzhou ambako sisi wa Kariakoo tuna mawakala wetu.

MCHORAJI: Na mimi niseme la kwangu, kwa sababu watu hunitumia picha ya simu wakidhani kiwanda kitaigeuza beji. Haiwezekani hivyo. Kila rangi lazima izungushiwe ukuta wa chuma, la sivyo itamwagikia rangi jirani. Hakuna rangi kufifia taratibu kuingia nyingine kama kwenye manyoya. Mstari ukiwa mwembamba mno, kalibu haitautoa, na nafasi ikiwa finyu mno, rangi haiingii. Kwa hiyo mchoraji wa beji ana kazi ya kuondoa. Unamwangalia ndege mwenye vivuli ishirini, unabaki na rangi nne, na mtu anayemjua bado lazima aseme: huyu ni yeye.

MWALIMU: Msisahau kung'aa. Nimeona beji zilizochovywa rangi ya dhahabu zinamulika kama kioo juani. Mtu anayenyemelea ndege hatembei na kioo kifuani.

MCHORAJI: Tutachovya nyeusi, Mwalimu. Kuta nyeusi huchora vizuri hata kuliko dhahabu. Nyuma tutaweka sindano mbili badala ya moja, ili ndege asigeuke kichwa chini kila ukiinama. Na kishikizo kiwe cha mpira. Vile vya bati vyenye mabawa ya kubana hulegea, halafu beji inabaki njiani na mwenye beji anagundua akifika nyumbani.

MHAZINI: Kuna kitu hakijatajwa. Mjini hapa kuna watu wana mashine za kubonyeza beji za duara: karatasi iliyochapishwa, bati, nailoni juu, pini nyuma. Hizo tumezivaa kwenye kampeni na mahafali miaka yote. Hakuna kalibu, hakuna Guangdong. Nikitaka 20 napata 20, na rangi zote za ndege zinatoka kama kwenye picha.

MFANYABIASHARA: Hiyo ni teknolojia ya Marekani, kampuni ya Whitehead and Hoag ya Newark ilipata hataza yake 1896. Imedumu kwa sababu ni rahisi na inafaa, mimi siipuuzi. Lakini jiulize mtu atalipa kiasi gani. Beji ya karatasi amezoea kupewa bure kwenye mkutano. Ya chuma anaipima mkononi kwanza, anaona ina uzito, ndipo anauliza bei.

Mpaka hapa Mhazini ameweka mezani njia ya tatu ambayo makundi mengi huiruka kwa haraka ya kupata kitu cha fahari. Beji za kubonyeza zinafaa sana kwa jaribio: chapisha michoro mitatu, zigawe au ziuze kwa bei ndogo kwenye matembezi, uone ipi watu wanaigombania. Mchoro ambao hakuna aliyeutaka kwenye karatasi hautapendwa kwa kuwekwa kwenye chuma.

Ndege yupi?

MCHORAJI: Nina michoro mitatu. Wa kwanza ni bundi wa Pemba, macho ya njano, mwili wa kahawia iliyoiva. Wa pili ni ninga wa Pemba, kijani na kijivu, bega lenye urujuani. Wa tatu ni kwale wa Udzungwa. Mimi kura yangu ni bundi. Macho yale mawili ya njano kwenye chuma cheusi yatamfuata mtu hata upande wa pili wa barabara.

MHAZINI: Mwanangu, bundi? Akilia juu ya paa watu hawalali, wanasubiri habari ya msiba. Leo nimvae kifuani niende naye sokoni? Nitauzaje uchuro?

MCHORAJI: Ndiyo sababu hasa ya kumchagua, Mama. Bundi wanapigwa mawe kwa ajili ya imani hiyo hiyo. Mtu akikuuliza kwa nini umevaa bundi, tayari umepata nafasi ya kumweleza kwamba bundi hula panya na wadudu, na kwamba huyu haishi mahali pengine popote duniani isipokuwa kisiwa kimoja.

MWALIMU: Wote wawili mnasema kweli. Pemba ina ndege wanne wasiopatikana kwingine: bundi huyo, ninga, chozi na kinengenenge mdogo wa njano mwenye duara jeupe machoni. Bundi nimemsikia msitu wa Ngezi na pia kwenye mashamba ya mikarafuu. Ninamheshimu. Ila beji ya kwanza ni ya kukusanya pesa, na ya kukusanya pesa haianzi kwa mabishano na kila anayeiona. Kuhusu kwale, huyo ana hadithi inayowashinda wote. Mwaka 1991 watafiti wakiwa milima ya Udzungwa waliona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria ya mboga. Wakamfuatilia msituni, na 1994 akatangazwa kuwa ndege mpya kwa sayansi. Wenyeji walikuwa wanamla tu.

MFANYABIASHARA: Hadithi hiyo ichapishwe nyuma ya kadi, itauza. Lakini kwale mwenyewe ni kahawia juu ya kahawia. Kwenye rafu ya duka la hoteli, ninga atamshinda kwa kijani chake peke yake.

MCHORAJI: Na kasuku wadogo wa Fischer, wale wa kijani wenye uso wa machungwa? Watalii wanawajua.

MWALIMU: Wanawajua kutoka kwenye vizimba. Ndege hao wa kusini mwa Ziwa Viktoria walikamatwa kwa wingi na kuuzwa nje miaka ya 1980. Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Sitaki beji yetu ionekane inatangaza biashara ile. Tuwaache kwanza.

Zingatieni namna mjadala ulivyobadilika. Walianza na ndege mzuri ni yupi, wakaishia kwenye ndege anasema nini kwa niaba ya kundi. Mchoro wa beji ni kauli. Ukivaliwa na mtu asiyeweza kuueleza, hugeuka pambo. Ukieleweka vibaya, hugeuka aibu. Kadi ndogo inayobandikiwa beji ndiyo mahali pa kueleza kwa sentensi mbili: huyu ni nani, anaishi wapi, na pesa hii inakwenda wapi.

Daftari

MFANYABIASHARA: Nipeni karatasi. Hizi ni namba za mfano. Bei halisi itategemea ukubwa, rangi na siku ya dola. Tuseme beji 100. Kiwanda kinataka shilingi 3,500 kwa moja, ni 350,000. Kalibu hulipwa mara moja: 150,000. Usafiri wa ndege, ushuru na kutoa mzigo: 200,000. Kadi na vifuko: 50,000. Jumla 750,000, kila beji imetusimamia 7,500. Tukiuza 15,000 na zikaisha zote, tunabaki na 750,000 safi.

MHAZINI: Zikiisha. Zikiuzwa 50 tumerudisha mtaji na hatuna darubini hata moja. Zikiuzwa 40 tuna hasara ya 150,000, na sijui ni ya nani, kwa sababu kundi halina mfuko. Itakuwa ya yule aliyetanguliza pesa zake kwa moyo mwema, na huyo ndiye atakayeacha kuongea na nyinyi.

MFANYABIASHARA: Hapo ndipo watu hushawishika kuagiza 200, maana kiwanda kinashusha bei. Tuseme 3,000 kwa moja: 600,000. Kalibu ile ile 150,000. Usafiri na ushuru 250,000. Kadi 100,000. Jumla 1,100,000, kila moja 5,500. Nafuu ya elfu mbili.

MHAZINI: Nafuu ya kwenye karatasi, mwanangu. Kwa 100 nilihitaji kuuza 50 ndipo nirudishe mtaji. Kwa 200 lazima niuze 74. Nikiuza 50 kati ya hizo 200, nina hasara ya 350,000 na beji 150 kabatini. Kiwanda kimefurahi, mimi nimelala macho.

MCHORAJI: Lakini tuliuliza kundini, Mama. Watu zaidi ya tisini waliweka kidole gumba.

MHAZINI: Kidole gumba si muamala. Nimekaa dirishani benki miaka mingi, najua tofauti ya mtu anayesema «nitaleta» na anayeleta. Mimi nahesabu ujumbe wa simu wenye neno «imethibitishwa». Mengine ni salamu.

MFANYABIASHARA: Basi tuuze kwanza, tuagize baadaye. Tutangaze mchoro, bei na tarehe ya mwisho. Wakifika 60 waliolipa, tuna 900,000, oda inatoka bila mtu kukopa. Wasipofika, kila mmoja anarudishiwa chake.

MHAZINI: Na makato ya kurudisha nani anayabeba? Liandikwe kabla. Pia pesa zisikae kwenye simu ya mtu mmoja, hata akiwa mimi. Kuna huduma za vikundi kama M-Koba ambazo wanachama wanaona kinachoingia na kinachotoka. Ikishindikana, iwe akaunti ya watu wawili kusaini. Mali bila daftari huisha bila habari.

MCHORAJI: Mtu atakubali kulipa leo apate beji baada ya miezi kadhaa?

MFANYABIASHARA: Atakubali akijua ni miezi mingapi. Anachokasirikia ni kuambiwa «wiki ijayo» mara nne. Chagua siku ya kugawa, kisha hesabu kurudi nyuma. Siku ya Ndege Wanaohama huadhimishwa Mei na Oktoba. Ya Oktoba inatufaa, ndege wa Ulaya wanakuwa wanashuka. Ili beji ziwe mkononi siku hiyo, malipo yafungwe Juni na oda itoke mwanzoni mwa Julai. Wakati wa kuepuka ni Mwaka Mpya wa Kichina, Januari na Februari, viwanda hufunga na wafanyakazi wanarudi makwao.

Watu wengi hudhani hatari ya mradi kama huu iko kwenye ubora wa beji. Uzoefu wa biashara ndogo unaonyesha ipo kwenye mpangilio wa pesa: nani analipa kabla ya nani. Mwenye kulipa mwisho ndiye anayebeba hasara ndogo, na mara nyingi kiwanda hulipwa kwanza. Kuuza kabla ya kuagiza kunaligeuza jambo hilo bila kumdhulumu yeyote, ilimradi ahadi ya kurejesha iheshimiwe kweli.

Mkono wa mchoraji

MHAZINI: Sijaona malipo ya mchoraji kwenye hesabu yako.

MCHORAJI: Mimi najitolea, Mama.

MHAZINI: Mfanyabiashara analipwa usafiri, kiwanda kinalipwa, forodha inalipwa. Wewe uliyekesha unajitolea. Mwaka huu utafurahi. Mwaka ujao wakikuomba mchoro wa pili, utachoka, na hutasema kwa nini. Andika 100,000 ya mchoraji. Jumla iwe 850,000. Tutahitaji kuuza 57 kurudisha mtaji, bado tuko ndani ya 60.

MCHORAJI: Basi naomba na jina langu liwe kwenye kadi, na mchoro ubaki wangu. Kundi liwe na ruhusa ya kuutumia kwa beji. Mtu akitaka kuuweka kwenye vikombe vya hoteli, aje tuongee.

MWALIMU: Hilo ni haki, liandikwe mapema wakati bado tunapendana. Na tusichore juu ya picha ya mtu iliyookotwa mtandaoni. Mpiga picha aliyekaa matopeni saa tatu kumngoja ninga ana haki yake. Vilevile, mtu asije na wazo la kuweka Nembo ya Taifa pembeni ya ndege. Hiyo inalindwa na sheria.

Ya kununua na ya kustahili

MWALIMU: Sasa niseme linalonikera. Nimewasikiliza hesabu zote na hakuna aliyeuliza beji hii itamfanya nini mtu ambaye hana 15,000. Tuna vijana vijijini wanaotuletea taarifa bora kuliko sisi wenye darubini. Kijana wa Ngezi anayemjua bundi kwa sauti usiku wa manane, yeye atakosa beji, na mtu wa mjini ambaye hajawahi kuamka alfajiri ataivaa. Kwenye skauti tulivaa beji baada ya kufanya kitu.

MFANYABIASHARA: Lakini Mwalimu, ukiigawa kwa kustahili pekee, pesa ya darubini itatoka wapi?

MWALIMU: Sijasema isiuzwe. Nimesema tusichanganye beji ya kununua na ya kustahili. Angalieni kilichotokea kwingine. Walt Disney World ilipoanzisha ubadilishanaji wa beji mwaka 1999, watu walianza kusafiri kwa ajili ya beji zenyewe. Kwa Disney ni faida. Kwetu ni hatari. Tukitangaza «toleo adimu, ni 100 tu duniani», tutapata wanunuzi wa beji ambao ninga mwenyewe hawamtaki hata kwa picha.

MCHORAJI: Hofu hiyo naielewa, ila tusiizidishe. Mimi niliingia kundini kwa sababu niliona picha nzuri, ndege nilimjua baadaye. Mtu akiingia kwa mlango wa beji, ni mlango pia.

MHAZINI: Nina jawabu la daftari. Katika kila beji 100, 10 zisiuzwe. Zipelekwe kwa vijana waliotuma taarifa za ndege mwaka mzima, na ziwe na kadi tofauti inayosema hivyo. Zinabaki 90. Tukiuza zote ni 1,350,000, tukitoa 850,000 tunabaki na 500,000. Darubini chache na nauli ya safari moja. Si utajiri, lakini kila shilingi ina jina.

MWALIMU: Kwa masharti hayo, nami nitanunua. Ninga.

Uamuzi wa mwandishi

Nimewasikiliza wote, na upande wangu uko wazi: beji itengenezwe, ila mwenye neno la mwisho awe Mhazini. Ninga awe wa kwanza kwa kuwa anauzika bila kuelezwa sana, na bundi amfuate mwaka unaofuata, kundi likiwa na akiba na ujasiri wa kubishana na uchuro. Enameli ngumu, kuta nyeusi, sindano mbili, kishikizo cha mpira. Beji 100 na zisizidi, hata kiwanda kikishusha bei ya 200 kwa kiasi gani.

Matumizi ya pesa yatangazwe kabla ya mchoro. «Tunachangisha kwa ajili ya kundi» ni maneno ya hewani. «Darubini za kuazima na safari moja ya wanafunzi» ni ahadi ambayo mtu anaweza kuja kuidai. Oda isitoke kabla ya malipo kufika idadi iliyotajwa. Mzigo ukifika, watu wawili waukague beji moja moja: rangi iliyomwagika ukutani, vumbi lililonaswa, sindano iliyolegea. Zenye kasoro ziwekwe kando na zihesabiwe, zisipenyezwe kwa watu wa mbali kwa kudhani hawatalalamika.

Mwisho, hesabu isomwe hadharani ndani ya kundi: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, na picha ya risiti ya darubini. Mradi wa pili wa kundi lolote hujengwa siku ile hesabu ya mradi wa kwanza inaposomwa. Kundi lenu likitaka beji, mpigieni kura ndege baadaye. Kwanza chagueni nani atashika daftari, na nani atalikagua.